Utando Mweupe

Kisu changu hakijui dawa, kinajua kumenya:
kulizunguka chungwa mara moja bila kuinuka,
ganda la kijani likishuka kama utepe,
hadi tunda libaki jeupe, hujaji ndani ya ihramu.
Shilingi ishirini. Nakata kifuniko, unafyonza, unatupa.
Miaka kumi na tisa mlangoni pa hospitali
watu wa Amu wamekunywa maji yao matamu
na utando wakaniachia mimi na mbuzi.

Mume wangu Shekuwe ana punda watatu.
Wanabeba mchanga, saruji, mawe ya matumbawe
kwenye vichochoro vya Mkomani, ambako
ukinyoosha mikono umegusa nyumba mbili.
Jumatatu ile punda wa mbele alikwama na boriti
penye rundo la kokoto.
Nyuma yake mwenye mikate,
nyuma ya mikate watoto wa chuoni,
nyuma ya watoto jeneza, na watu wanasema njia, njia.
Shekuwe akashika kifua.
Mimi nilidhani ni hasira.

Muuguzi Hiribae alituchorea mgongoni mwa bahasha ya eksirei:
huu ukuta wa mshipa, hii damu, haya mafuta yaliyoganda.
Shekuwe aliinamia mchoro muda mrefu.
"Huu ni mtaa wa kina Famau," akasema.
"Mtu kamwaga kokoto, hakuzoa."

Nikauliza habari ya chungwa,
kwa sababu tu nilikuwa nimelishika.
Hiribae akacheka, kisha akaacha kucheka.
Kwenye huu utando mnaoutupa, alisema,
mna kitu kinaitwa hesperidini,
ukoo wake flavonoidi, ukoo mkubwa,
huwezi kuwaalika wote harusini.
Kuna watu walinyweshwa maji ya machungwa majuma kadhaa
wakapimwa mishipa. Wengine ilionekana
ukuta wa ndani umelegea kidogo, umepisha,
kama mtu anayegeuka ubavu kichochoroni
akakwambia, pita bibi.
Wengine walipimwa, hapakuonekana kitu.
"Andika labda," akasema. "Kwa herufi kubwa.
Na vidonge vyake asiache hata kimoja."

Basi nikaanza kuchemsha maganda.
Maji ya kwanza namwaga, ya pili namwaga,
ya tatu natia iliki na sukari kiduchu.
Shekuwe anatafuna jicho moja limefumba.
"Chungu kama deni," anasema, na kuomba tena.

Lakini mwanamume akipewa labda hutaka hakika.
Alikwenda Hindi akarudi na gunia la mabalungi,
makubwa, ya njano, yananukia ukumbi mzima.
Kama chungwa ni dogo na lina dawa, alisema, je hili?
Nilimpigia Hiribae simu kumsifia mume wangu.
Kimya. Halafu: "Amekula mangapi?"
Balungi, kumbe, humfunga mikono bawabu wa tumbo
anayevipunguza vidonge vya mafuta ya damu;
dawa ikaingia yote, ikajaa, ikawa sumu.
Na danzi vilevile, lile la kuoshea samaki.
Chungwa aendelee.
Mama mmoja, ngozi moja, harufu moja,
huyu karibu ndani, yule asivuke kizingiti.

Gunia tuligawa mtaani, kila nyumba nikiuliza kwanza:
humu nani anameza vidonge?
Sikujua ni wengi hivyo.

Siku hizi samli imepungua chunguni, chumvi pia.
Shekuwe huamka alfajiri kutembea bila punda,
jambo linalowashangaza punda.
Nami nipo palepale na kisu changu.
Mteja akiutupa utando naufuata kwa macho
na ulimi unanicheza.
Shilingi ishirini ni ya maji, namwambia.
Hiyo nyeupe ni labda, siitozi.
Jana mmoja aliitafuna, akakunja uso,
akaniuliza labda ya nini.
Nikamwonyesha kichochoro:
kina Famau wamezoa nusu ya kokoto,
nusu bado ipo.